Jina la kikoa la Kiarabu: kwako linafunguka, kwa mteja halifunguki

Mkuu, achana na habari ya kusubiri DNS (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva) isambae. Umesema kwako tovuti inafunguka, ila watu wa Karachi wakiandika jina lilelile wanaambiwa halipo, na hii ni siku ya nne. Utasubiri sana. Hayo ni majina mawili yanayofanana kwa macho tu.

Yalinikuta Muscat, kwenye duka la nguo ambalo jina lake lina neno كريم. Mimi nilisajili kwa kibodi ya Kiarabu. Kijana wa matangazo alikuwa Mpakistani, akaandika kwa kibodi ya Kiurdu: کریم. Hebu kodoa macho. Kwenye Yunikodi, orodha inayoipa kila herufi namba yake, kafu yangu ni U+0643, yake U+06A9. Ye yangu ni U+064A, yake U+06CC, na hiyo ye hujiumbua ikiwa mwisho wa neno tu, ambako ya Kiurdu haina nukta; katikati zote zina nukta mbili chini. Kiungo cha tangazo kikawa kinapeleka watu hewani. Mwenye duka ananipigia, mimi namjibu mbona kwangu inafunguka! Siku nzima nakagua seva isiyo na kosa. Nilipobandika yote mawili kwenye kigeuzi cha punikodi (umbo la herufi za Kilatini linaloanza na xn--, ambalo DNS hulitumia kwa majina kama haya), zikatoka xn-- mbili tofauti. Nilicheka kwa hasira.

Kuna watakaokwambia Yunikodi inasawazisha, tumia NFC, kanuni yake ya kusawazisha maandishi. NFC inaunganisha é ya kipande kimoja na e iliyoongezewa alama, basi. Kafu hizo mbili kwake ni herufi mbili halali, na wala haijakosea. DNS ndiyo kabisa: usawa inaoujua ni wa herufi kubwa na ndogo za Kilatini.

Kwa hiyo waulize wanaosimamia daftari la majina ya huko kama wanatambua maumbo pacha. Wengine ukichukua moja wanalifungia la pili au wanakuwekea wewe. Wachina walishalitatua hadi kwenye kikomo cha jina: .中国 na .中國, yote mawili yako chini ya CNNIC, wasimamizi wa majina ya China, tangu 2010. Kama wenu hawatambui, lipia yote mawili kabla tapeli hajaliona.

Ila kumiliki pacha hakulifanyi lifanye kazi, na hapa wengi hujikwaa. DNAME, rekodi ya DNS ya kuelekeza jina kwenye jingine, itahamisha majina yaliyo chini ya pacha tu, pacha lenyewe hailigusi, kwa hiyo liwekee rekodi zake za A (anwani ya seva) na MX (seva ya barua pepe). Seva ya wavuti ilitambue na kuelekeza kwenye jina kuu, cheti cha usalama cha tovuti (HTTPS) kitaje xn-- zote mbili, seva ya barua pepe ipokee kwa yote mawili. Mimi barua pepe niliisahau, oda za wiki nzima zikarudi kwa waliozituma.

Na kama jina lina namba, angalia tena: ٣ na ۳ si tarakimu moja.

Mwambie mtu wa Karachi akutumie jina kama alivyoliandika yeye, usiliandike wewe. Kisha weka hapa xn-- yake na yako tuzione.