Gunia la Kilo Ngapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuonyesha Programu Huria

Barua za toleo hili zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo vya Nyanda za Juu Kusini wanaojiandaa kuonyesha miradi yao ya programu huria, yaani zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuutumia na kuurekebisha msimbo wake (maandishi yanayounda programu), na moja imetoka kwa mzazi. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mfumo wetu wa kusajili wagonjwa wa zahanati unafanya kazi vizuri tukiwa hosteli. Tulipoujaribu ukumbini, ukurasa ulifunguka mtupu: maandishi meusi na viungo vya bluu, vitufe havina rangi. Simu za wenzetu hazikuufungua kabisa. Tumetumia Laravel, kiunzi cha kutengenezea tovuti kwa lugha ya PHP, na maonyesho ni wiki mbili zijazo. (Mwanafunzi, Iyunga, Mbeya)

JIBU: Hayo ni matatizo mawili, msiyachanganye.

La kwanza ni kwamba Bootstrap yenu, yale mafaili ya mitindo yanayoupa ukurasa rangi na mpangilio, haiko kwenye kompyuta yenu. Aliyetengeneza ukurasa alinakili mstari unaovuta faili la mitindo kutoka seva ya mbali. Hosteli mna bando, ukumbini hamna. Tafuteni https:// kwenye mafaili yote yaliyomo resources/views. Kila mnapokuta mstari unaovuta .css au .js kutoka nje, pakueni faili lenyewe, liwekeni ndani ya folda ya public, kisha mbadilishe anwani. Font Awesome, mkusanyiko wa alama za picha, ina mtego wake: faili la css peke yake halitoshi. Folda ya webfonts lazima ikae kando ya folda ya css, la sivyo mahali pa alama mtaona visanduku vitupu. Mkimaliza, zimeni Wi-Fi, futeni mafaili ambayo kivinjari kimeyahifadhi, ndipo mfungue upya. Msipofuta mtadanganyika, maana kivinjari kitawaonyesha ya jana.

La pili: amri ya kuwasha seva, php artisan serve, ikiandikwa hivyo tu husikiliza 127.0.0.1, yaani kompyuta inajihudumia yenyewe. Andikeni php artisan serve --host=0.0.0.0 --port=8000 ili isikilize na vifaa vingine, kisha ipconfig ili mpate anwani ya kompyuta, tuseme 192.168.1.5. Simu ziandike http://192.168.1.5:8000, na ile http iandikwe kweli, kwa sababu baadhi ya vivinjari hukimbilia https vyenyewe.

Ikigoma bado, angalieni Windows Defender Firewall. Mtandao ukiwa umewekwa kama wa umma, Windows huweza kuzuia wageni hata kama mliwahi kuruhusu kwenye mtandao wa faragha. Ubadilisheni uwe wa faragha. Halafu zimeni data kwenye simu zinazojaribu, maana simu ikiona Wi-Fi haina intaneti huweza kuhamia kwenye data kimyakimya, na huko 192.168.1.5 haipo. Kama hayo yote yako sawa, huenda ni Wi-Fi ya chuo yenyewe. Mitandao mingi ya taasisi huzuia vifaa visionane, na hilo hamwezi kulitengeneza ninyi. Washeni hotispoti ya simu moja, kompyuta na simu za majaji ziingie humo. Haihitaji hata MB moja ya bando. Simu nyingi huchukua vifaa kama 8 au 10 tu, kwa hiyo wenzenu wa darasa wakae nje ya mtandao huo.

Kuhusu projekta: nendeni ukumbini siku moja kabla mkaangalie tundu lake. Za zamani zina VGA peke yake, na kompyuta mpakato mpya hazina VGA, basi bebeni kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Nyingi huonyesha nukta 1024 kwa 768, kwa hiyo jedwali lenye safu 12 litakatika upande wa kulia. Msimbo uonyesheni kwa herufi nyeusi juu ya weupe, ukubwa wa 20 kwenda juu. Ile mandhari nyeusi tunayoipenda usiku haisomeki kwenye ukumbi wenye pazia jepesi saa nne asubuhi.

SWALI: Mradi wetu unawatumia wakulima bei za viazi kwa SMS. Ujumbe wa Makete unahesabiwa SMS moja. Ujumbe uleule kwa wakulima wa Wanging'ombe, wenye herufi kama 150, unahesabiwa tatu, na salio la majaribio limeisha. Tumepitia msimbo mara nyingi, hatuoni kosa. (Wanafunzi wanne, Iringa)

JIBU: Kosa haliko kwenye msimbo. Liko kwenye jina la wilaya.

SMS moja hubeba herufi 160 iwapo kila herufi imo kwenye orodha ya kawaida ya GSM, mfumo wa mitandao ya simu. Kiswahili kimebarikiwa hapo, kwani herufi zetu zote zimo, pamoja na king'ong'o kilichonyooka, yaani ritifaa ('). Ila orodha ya wilaya bila shaka mliiandika kwenye Word kisha mkainakili. Word hukipinda king'ong'o kikawa hivi: ’. Kwa macho ni kilekile. Kwa mtandao wa simu ni herufi ngeni isiyomo kwenye orodha. Herufi moja ngeni inatosha kuhamisha ujumbe mzima kwenye mfumo wa Unicode, wenye herufi za lugha nyingi za dunia, ambako SMS moja hubeba herufi 70. Ujumbe ukigawanywa, kila kipande hubaki na 67. Herufi 150 kwa 67 ni vipande vitatu. Makete na Ludewa hazina king'ong'o, ndiyo maana zimesalimika.

Badilisheni ’ kuwa ' wakati jina linaingia kwenye hifadhidata, si wakati wa kutuma tu. Mkingoja kutuma, hifadhidata itabaki na Wanging'ombe mbili, na anayetafuta moja hataipata ya pili. Kagueni pia kistari kirefu cha Word mnachoweka kati ya bei ya chini na ya juu, na nukta tatu zilizoungana kuwa herufi moja. Navyo ni vigeni vilevile. Halafu wekeni hesabu ya herufi kwenye skrini ya msimamizi, ionyeshe ujumbe utakuwa vipande vingapi kabla haujatumwa. Majaji wataipenda, lakini hasa itaokoa fedha za atakayeutumia mfumo baada yenu.

Kuna jambo ambalo hamkuuliza. Kwenye picha ya jedwali mliyotutumia kuna safu inayoitwa bei_kwa_gunia. Gunia la kilo ngapi? Lumbesa imepigwa marufuku, lakini kila anayenunua viazi anajua kwamba gunia lililofungwa shingo na gunia lililoongezewa kilemba si kitu kimoja. Debe nalo ni kipimo cha ujazo: debe la mahindi na debe la viazi havilingani kwa kilo. Mkulima wa Njombe akilinganisha bei ya soko la Mbeya na ya Makambako kwa namba zenu atapotoshwa, na atapotoshwa na programu inayosema inamsaidia. Hifadhini bei kwa kilo. Kipimo alichotaja muuzaji kiwe safu ya pili, na uzito uliopimwa kwa mizani safu ya tatu. Pasipopimwa, acheni wazi, msijaze 100 kwa kukisia. Kwetu sisi hili lina uzito kuliko lile la SMS, kwa sababu SMS ikiharibika mtaiona kwenye salio, lakini bei mbovu haionekani popote.

SWALI: Mradi wetu uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, kila mtu anaweza kuuona. Jaji mmoja wa majaribio alisema bado si programu huria. Amekosea? (Mwanafunzi, Mbeya)

JIBU: Hajakosea. Kuonekana si ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na programu za kompyuta zinalindwa humo tangu zinapoandikwa, hata kama mwandishi hakusajili chochote. Pasipo leseni, anayesoma msimbo wako hana haki ya kuutumia kwenye zahanati yake wala kuurekebisha.

Weka faili liitwalo LICENSE kwenye folda kuu. Leseni ya MIT ni fupi: chukua, tumia, uza ukitaka, ila acha jina la mwandishi lilipo. Leseni ya GPL inamtaka anayesambaza toleo lake alitoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Uchaguzi ni wako, lakini kwanza angalia ulichokopa. Kwenye mradi wa PHP andika composer licenses utaona leseni ya kila maktaba, yaani kila msimbo wa wengine uliokopa. Ukikuta maktaba ya GPL imo ndani ya programu, kazi nzima unayoisambaza nayo lazima ifuate GPL. Na kama mmeandika watu wanne, hakimiliki ni ya wanne, basi wote wakubali. Muulize pia mratibu wa miradi kama chuo kina sera kuhusu kazi za wanafunzi.

Tumefungua hazina yako, yaani folda ya mradi iliyoko GitHub. Faili la mipangilio, .env, limo, lina neno la siri la hifadhidata na ufunguo wa huduma ya SMS. Kulifuta leo hakusaidii, maana historia ya Git (kumbukumbu ya kila badiliko) bado inalo na mtu yeyote anaweza kurudi nyuma. Anza kwa kubatilisha ufunguo kwa mtoa huduma, leo hii, kabla ya jambo lingine. Kisha git rm --cached .env, ongeza .env kwenye .gitignore, na weka .env.example yenye majina bila thamani. Kama kuna faili la .sql (nakala ya hifadhidata) lenye majina na namba za simu za watu halisi, hilo ni zito zaidi: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Liondoe hata kwenye historia, kwa git filter-repo, na maonyesho yafanyike kwa majina ya kubuni.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwanangu anasema kazi yake ya chuo ataiweka wazi watu waichukue bure. Tumemsomesha kwa kuuza chai na ndizi. Atakula nini? (Mama, Tukuyu)

JIBU: Marahaba, Mama. Wasiwasi wako ni wa haki. Huria maana yake watu wana uhuru wa kuutumia na kuurekebisha msimbo. Haimaanishi kazi ya mwanao haina bei. Mfano ni DHIS2, mfumo huria ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ambao hapa nchini unakusanya takwimu za vituo vya afya. Hakuna anayenunua leseni yake, lakini kuna wanaolipwa kuusimika, kufundisha watumishi, kutunza seva na kuutengeneza ukikwama. Fedha iko huko. Na mwajiri anayetaka kumpima kijana ataisoma kazi yake mwenyewe, badala ya kuamini cheti tu. Mwulize swali moja: je, jina lake limeandikwa kwenye leseni na kwenye historia ya kazi? Likiwemo, hakuna atakayeichukua kihalali huku akimfuta.

SWALI: README, lile faili la maelezo ya mradi, tuiandike Kiswahili au Kiingereza? (Mwanafunzi, Iringa)

JIBU: Zote mbili, mafaili mawili, na ya Kiswahili iandikwe kwanza iwapo watumiaji wako hapa. Si jambo geni: tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili. Andika programu inafanya nini, inahitaji toleo gani la PHP au Python, amri za kuisimika kwa mpangilio, na akaunti ya kujaribia. Kisha mpe mwenzako wa idara nyingine, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona mradi wako, aanzie git clone, amri ya kuupakua mradi. Kaa nyuma yake. Akikuuliza kitu, usimjibu kwa mdomo. Andika jibu kwenye README, halafu mwambie asome tena.