Masteringi watano, maiki moja: kwa mnaoanza kutafsiri muvi za anga

Wateja wa vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video, vya Mwanza, kuanzia Igoma hadi Mwaloni Kirumba, wamekulia kwenye muvi za steringi, yaani shujaa, mmoja. Anaingia, anapigwa, anarudi kulipa kisasi, na kila mtu anajua hafi. Guardians of the Galaxy, ile ya mwaka 2014 iliyoongozwa na James Gunn, haiendi hivyo. Ina masteringi watano: Peter Quill, Gamora, Drax, Rocket na Groot yule mti unaotembea, na utamu wake umo katika kutopatana kwao. Mtafsiri mgeni, yule anayerekodi maelezo ya Kiswahili juu ya muvi, akimshikilia Quill peke yake na kuwafanya wale wanne wapambe, haipiti nusu saa ukumbi umeanza kupiga stori. Meli zinazolipuka hazitamwokoa, milipuko watu wameshaizoea. Kinachowakalisha kwenye benchi ni hawa watano, kila mmoja na lake, wanaogombana mpaka wanakuwa ndugu.

Kwa hiyo anza na sauti. Itazame muvi mara mbili kabla ya kugusa maiki: mara ya kwanza ukitazama tu, mara ya pili ukiwa na daftari, unaandika dakika na nani anaongea. Usijaribu kutengeneza sauti tano za kuigiza. Koo halihimili dakika 121, na ukifika katikati zote zitafanana. Tofautisha kwa mwendo. Quill mpe sauti yako ya kawaida. Rocket aende mbio kama mtu aliyeamka ameudhika, neno likipanda juu ya neno. Drax aende taratibu, bila kupandisha wala kushusha, maana yeye hatanii hata kidogo na hapo ndipo kicheko kilipo. Gamora mpe sentensi fupi, kavu. Ukimbania sauti ya kike, watu watacheka pale anapoongea mambo mazito.

Groot mwachie Vin Diesel mwenyewe, mwigizaji wa sauti yake. Ana maneno matatu tu karibu muvi nzima, "I am Groot" (mimi ni Groot), na watoto wa mbele watakuwa wameyakariri mapema. Wageni wengi hutaka kueleza kila mara Groot amesema nini. Usifanye hivyo. Anayemwelewa ni Rocket, na maana inatoka kwenye jibu la Rocket, basi nguvu zako zipeleke huko. Mwishoni, yale maneno yakigeuka kutoka "mimi" kuwa "sisi", yataje mara moja tu, kisha nyamaza mpaka picha ibadilike.

Drax anachukua kila msemo kama ulivyo, na misemo ya Kiingereza ukiifasiri neno kwa neno, ukumbi unakutazama tu. Andaa nahau zako tano au sita mapema, zinazoingia ndani ya muda wa midomo yao. Quill akisema fulani ana mkono wa birika, Drax ajibu kwamba mikono yake yote miwili ameiona na hakuna birika. Hiyo inashika popote kandokando ya ziwa. Ila usimpe lafudhi ya Kisukuma ili watu wacheke. Watazamaji wako wengi ni Wasukuma, na Drax si mshamba. Ni baba aliyeuliwa mke na mtoto. Ukimfanya kituko tangu mwanzo, huzuni yake haitaaminika baadaye.

Ukitaka kujipima, chukua kipande cha gerezani wanapopanga kutoroka. Rocket anataja vitu anavyohitaji: bangili ya askari, mguu wa bandia wa mfungwa mmoja, na betri, ambayo anasisitiza ichukuliwe mwisho kabisa kwa sababu ikitoka tu king'ora kinalia. Nyuma yake, Groot ameshaondoka kimya kimya kuifuata. Ukumbi unaona, Rocket haoni. Mtafsiri anayepiga kelele "mcheki Groot huyo!" amekula kicheko cha watu wote. Wewe endelea na maelezo ya Rocket kwa kujiamini kabisa, mpaka king'ora kilie. Baadaye Quill analeta ule mguu alioulipia pesa 30,000 za huko angani, na Rocket anamwambia hakuuhitaji. Hapo acha sekunde tatu au nne tupu. Watu sitini hucheka kwa muda mrefu kuliko wewe ulivyocheka peke yako chumbani, na mstari utakaofuata utamezwa. Kama si wa lazima, uache upite.

Majina punguza. Wale watano, Ronan ambaye ni adui yao, Yondu aliyemlea Quill, na lile jiwe la nguvu linalogombaniwa vinatosha. Wengine waite kwa kazi zao: askari wa sayari ya Xandar, yule tajiri mkusanyaji, bosi mkubwa. Halafu kila baada ya dakika ishirini hivi chomeka sentensi moja ya kukumbusha jiwe liko kwa nani na Ronan analitakia nini, kwa ajili ya wanaochelewa. Mwaloni hilo ni la lazima hasa mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa wakiwa hawaendi ziwani na watu wakiingia na kutoka.

Nyimbo za kaseti ya Quill usiziongelee juu. Zimetoka kwa marehemu mama yake, na ndizo zinazombeba mpaka mwisho. Unapoongea shusha sauti ya muvi kwa desibeli 12 hivi, wimbo ukiingia irudishe yote. Maiki ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili P na B zisipasue. Masika usirekodi mvua ikinyesha. Mlio wa bati hausafishiki.

Ruhusa ya mwenye muvi na ya Bodi ya Filamu zitangulie. Kisha kagua nakala. Sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini diski za PAL, mfumo mmojawapo wa televisheni, huchezwa kwa picha 25, na dakika 121 zinakuwa kama 116. Ukirekodi kwa nakala moja na kibanda kikaweka nyingine, dakika ya kwanza utajiona uko sawa, dakika ya kumi umeachana na picha kwa sekunde zaidi ya ishirini, mwisho Groot anajitoa mhanga wewe bado unaelezea vita. Kuisogeza sauti mbele au nyuma hakusaidii, kwa sababu pengo linazidi kukua. Badili mwendo wa sauti kwa asilimia 4 na kidogo, au rekodi upya. Bora zaidi, linganisha urefu wa mafaili hayo mawili kabla hujawasha maiki.