Jibu: Watoto wanafumba macho mpira ukija

Mwalimu, umeuliza ufanye nini watoto wako wa Wete waache kufumba macho na kugeuza uso wakati wa kudaka mpira wa besiboli. Hiyo ni khofu, si uzembe. Na wengi wamekulia kwenye mchezo wa nage, ambako ufundi ni kuukwepa mpira; wewe unawataka waufuate!

Mpira mgumu uweke kando kwanza. Una gramu 140 na ushei, ukimpata mtoto puani humuoni tena mazoezini. Anza na wa tenisi, mikono mitupu, hatua chache tu, ukiurusha taratibu, mkono ukitokea chini kwenda juu. Glavu baadaye, na ivaliwe mkono asiorushia.

La kukazania ni vidole. Mpira ukija juu ya kiuno, vidole vitazame juu. Ukija chini ya kiuno, vitazame ardhini. Anayevielekeza mbele kama anaomba peremende ndiye anayeviumiza. Viwiko vilegee, mikono irudi nyuma kidogo mpira unapotua.

Kuhusu macho, andika namba kubwa kwenye mipira, anayedaka aitaje kabla haujamfikia. Wakikosea wanachekana, lakini macho yanakuwa wazi.