Nina VVU au nina UKIMWI?

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza viazi hapa Makambako. Mwezi uliopita nilitokwa na mkanda wa jeshi ubavuni, nikapimwa, nikakutwa na VVU. Kadi yangu ya CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, imeandikwa "hatua ya 2". Wifi yangu anasema VVU ni jina la kubembelezea tu, ugonjwa ni UKIMWI ule ule. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mama. Wifi yako hayuko peke yake. Hapa Mbeya nakutana na swali hilo karibu kila wiki. VVU ni mdudu, UKIMWI ni hali anayokufikisha asipozuiwa.

Mdudu huyo anaua chembe za kinga ziitwazo CD4. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 katika milimita moja ya ujazo wa damu. Zikishuka chini ya 200, au yakiingia magonjwa nyemelezi mazito kama homa ya uti wa mgongo iletwayo na fangasi, hapo ndipo tunasema UKIMWI. Bila dawa, wengi hufika huko baada ya miaka 8 hadi 10. Kadi yako inasema hatua ya 2, na UKIMWI ni hatua ya 4: wewe hujafika.

Viazi unavijua kuliko mimi. Kiazi cha mbegu kinaweza kubeba bakteria wa mnyauko na bado kikang'aa sokoni. Vimelea vipo, mnyauko haujaanza. (Ila mnyauko hauna dawa. VVU vina dawa.)

Mkanganyiko una historia yake. Ugonjwa ulipewa jina mwaka 1982, virusi vikaonekana Paris mwaka 1983. Miaka ile kipimo hakikuwepo, mtu aligundulika akiwa ameshakonda, kwa hiyo mdudu na ugonjwa vikazoeleka kwa jina moja.

Huo mkanda wa jeshi nao si VVU. Ni kirusi cha tetekuwanga uliyougua zamani, pengine ukiwa mtoto. Vipele vilipona, chenyewe kikalala kwenye mishipa ya fahamu; kinga imelegea, kimeamka. Kirusi kimoja, magonjwa mawili! Wazee wasio na VVU wanaupata pia.

Meza kidonge chako kila siku. Siku ya kupima wingi wa virusi watakutoa damu kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Majibu yakija "havionekani", furahi, lakini dawa usiache: havijaisha, vimelala kama kile cha tetekuwanga.