Ubavu Ukiumia kwa Kuanguka na Baiskeli: Linda Pafu Kwanza

Kwenye njia za milimani na za msituni, iwe Usambara, Ngong au ndani ya msitu wa Karura, mojawapo ya vinavyouvunja ubavu ni usukani. Gurudumu la mbele linakwama kwenye mzizi, usukani unageuka, na ncha yake inakuingia ubavuni huku uzito wako wote ukishuka juu yake. Kwa muda pumzi inakata kabisa. Ikirudi, kuna mahali pamoja, upana wa vidole viwili hivi, panapochoma kila ukivuta hewa, ukikohoa au ukicheka.

Usijikaze ukapanda tena. Kaa uegemee mti, kisha upapase kifua polepole kwa ncha za vidole, ukianzia mbali na panapouma. Ukigusa ngozi ikawa inatoa mchakacho, kama unaminya povu kavu, hewa imetoka pafuni ikaingia chini ya ngozi. Ukiona kipande cha kifua kinabonyea unapovuta pumzi wakati kingine kinapanda, mbavu kadhaa zimekatika zaidi ya mahali pamoja. Hali zote mbili ni za kupelekwa hospitali hapo hapo, na kwa gari, si kwa bodaboda. Ni hivyo hivyo ukihema juu juu, midomo ikiwa ya buluu, au ukitema damu.

Mahali ulipoumia panasema mengi. Tuna jozi 12 za mbavu, na zinazovunjika sana ni za kati, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Zile za chini zimefunika bandama upande wa kushoto, ini upande wa kulia, na figo kwa nyuma. Mtu aliyegongwa chini kushoto akianza kuumwa ncha ya bega la kushoto, bega ambalo halikuguswa na chochote, hiyo ni dalili ya damu kuvuja tumboni. Tumbo kuwa gumu, kizunguzungu, jasho baridi na mkojo mwekundu ni dalili za kundi hilo hilo. Bandama inaweza kupasuka hata siku kadhaa baadaye, kwa hiyo siku za mwanzo usilale peke yako nyumbani.

Hospitalini utapigwa picha ya eksirei ya kifua. Wengi huambiwa picha haionyeshi kitu, wakarudi nyumbani wakidhani maumivu ni ya kufikirika. Eksirei hukosa nyufa nyingi za mbavu, na gegedu (sehemu laini kuliko mfupa inayounga ubavu na kidari) iliyoumia haionekani kabisa. Picha inatafuta hasa kama hewa au damu imejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Matibabu ya ubavu uliopata ufa na ule uliochubuka tu yanakaribiana sana, basi usitoe pesa kurudia eksirei ili tu uuone ule ufa. Kama ni mbavu za chini, pesa hiyo ni bora ilipie ultrasaundi ya tumbo.

Sasa jambo linalotuuma zaidi, kwa sababu hufanywa kwa nia njema: kumfunga mgonjwa kanga au bandeji kukizunguka kifua. Maumivu hupungua kweli, kwa kuwa kifua hakitanuki. Lakini kisipotanuka, sehemu ya chini ya pafu hujikunja, makohozi hutuama humo, na baada ya siku chache homa ya mapafu inaingia. Ubavu ungepona wenyewe. Homa hii ndiyo inayoua, hasa wazee na wavutaji sigara. Na usikubali mtu akukande au akwambie anaurudisha ubavu mahali pake. Ncha ya mfupa uliokatika ni kali, na pafu liko chini yake tu.

Dawa ya maumivu ni ya kukuwezesha kupumua na kukohoa, kwa hiyo usiisubiri mpaka uzidiwe. Mtu mzima wa zaidi ya kilo 50, asiye na ugonjwa wa ini, humeza parasetamoli gramu 1 (vidonge 2 vya miligramu 500) kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Siku ya 2 hadi ya 4 ndizo ngumu zaidi, usiruke dozi. Ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku, baada ya kula, huongezwa pale tu daktari anapohakikisha huvuji damu, na kama huna vidonda vya tumbo, pumu wala shida ya figo. Kosa la kila siku kwenye maduka ya dawa ni kuchanganya ibuprofeni na diklofenaki. Ni dawa za jamii moja: faida haiongezeki, tumbo ndilo linaloumia. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara 3 au 4 kwa siku, inafaa siku 2 au 3 za mwanzo.

Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu polepole mara 10, na kila moja uishike hesabu ya 3. Kisha kumbatia mto, uubane pale panapouma, ukohoe mara 2. Ukianza zoezi hili kama nusu saa baada ya kumeza dawa, utaona tofauti. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au makohozi ya njano au kijani, ni ya kumwona daktari siku hiyo hiyo.

Lala ukiwa umeinuka nusu, mito 3 mgongoni. Kuamka ndiko kunakotesa: usijinyanyue moja kwa moja kwa tumbo. Geukia upande mzima, shusha miguu kwanza, ndipo ujisukume kwa mkono. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mwachie mwingine kwa wiki 6. Kunywa maji na ule mboga na papai, maana kukamua choo kigumu na ubavu uliovunjika ni mateso, hasa kwa aliyepewa dawa ya maumivu yenye kodeini, ambayo hufunga choo.

Mfupa huunga kwa wiki 6 hivi, ila maumivu yanaweza kufika wiki 12, na gegedu huchelewa zaidi. Kutembea anza mapema, hata siku ya 2. Barabara ya lami iliyo laini inaweza kuwa wiki ya 6, njia ya mawe na mizizi baada ya wiki ya 8, kwa masharti: upige chafya bila kushika kifua, ujigeuze kitandani usiku bila kuamshwa na maumivu, upige pushapu 10. Ukishindwa moja, ngoja wiki nyingine 2. Aliyeingiwa hewa kifuani asipande ndege mpaka daktari athibitishe kwa picha kwamba imekwisha.

Kabla ya kurudi njiani, tazama ncha mbili za usukani. Kizibo kikiwa kimedondoka, bomba tupu hukata nyama kama kikata maandazi. Kizibo kipya ni bei ndogo sana.