Marubani husemezana nini otopailoti inapoongoza ndege?

SWALI: Mhariri, nasikia ndege za abiria hujiendesha zenyewe karibu safari nzima. Kama ni hivyo, marubani wawili wana haja gani ya kuzungumza, na huzungumza kwa lugha ipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwamba kwa kawaida otopailoti, yaani mfumo unaoiongoza ndege bila mkono wa rubani, hukabidhiwa ndege muda mfupi baada ya kupaa, ikaiongoza hadi karibu na kutua. Hata hivyo, haijiamulii jambo. Hufuata kimo, kasi na uelekeo ilivyopangiwa, na ikipangiwa kosa hulifuata kosa hilo kwa uaminifu uleule. Kwa sababu hiyo marubani hugawana kazi, mmoja akiendesha na mwenzake akifuatilia. Anayeendesha akitaka otopailoti iwashwe, hutamka. Kisha wote wawili hutazama sehemu ya juu ya skrini zao, ambako herufi chache huonyesha ni mfumo upi unaofanya kazi, na maandishi hayo hutajwa kwa sauti na kuthibitishwa. Kubonyeza kitufe peke yake hakutoshi, kwani mfumo unaweza kukataa kuwaka.

Tukio la Douala, Kamerun, linaonyesha uzito wa jambo hili. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 ilipaa kuelekea Nairobi katika hali mbaya ya hewa. Rubani mkuu alitamka "OK, command", yaani otopailoti ishike, lakini rubani msaidizi hakuitikia, na wachunguzi walibaini baadaye kwamba haikuwa imewashwa. Ndege ikainamia kulia taratibu mno, gizani, pasipo yeyote kuangalia vipimo, mpaka mlio wa onyo uliposikika ikiwa imeinama zaidi ya nyuzi 30. Rubani mkuu alipougeuza usukani kwa taharuki, aliugeuzia kulekule kulia. Watu wote 114 waliokuwamo walifariki. Ripoti ya uchunguzi ilitaja kupotewa na hisia ya uelekeo pamoja na ukosefu wa ushirikiano baina ya marubani. Kwa maoni yangu, jibu moja tu la "haijashika" lingewapa nafasi ya kujiokoa.

Mwaka 2013 huko San Francisco, Boeing 777 ya Asiana, shirika la ndege la Korea Kusini, iligonga ukuta wa bahari ulio mbele ya njia ya kurukia, baada ya marubani kudhani kwamba mfumo wa nguvu za injini ulikuwa ukiwalindia kasi, ilhali ulikuwa umeacha. Abiria watatu walifariki.

Kuhusu lugha, matamko haya kwa kawaida hufanywa kwa Kiingereza, kwa kuwa vitabu vya mwongozo na maandishi ya skrini yako katika lugha hiyo. Hata marubani wawili wa kwenu Tanga, ambao watapiga soga kwa Kiswahili ndege ikishatulia angani, watataja kimo kipya kwa Kiingereza na kukithibitisha kwa Kiingereza.