Dar hadi Nairobi kwa gari na watoto

Dada, umeuliza kama mnaweza kutoka Dar alfajiri mkalala Nairobi, na watoto watatu nyuma. Njia inaruhusu, ila mimi nisingekushauri. Dar hadi Arusha peke yake ni zaidi ya kilomita 600, na vibao vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa vimejaa vijijini: Chalinze, Segera, Korogwe, Same. Tochi za trafiki, zile za kupima mwendo, zipo, na shemeji akianza kufukuza muda ndipo ajali zinapokuja. Laleni Moshi au Arusha. Watoto wakiamka wauone Kilimanjaro, mawingu yakikubali.

Mombo ndipo mabasi mengi husimama kula. Nanyi simameni hapo, chakula ni cha moto na vyoo vipo. Anayetapika akae mbele ya wenzake, na umpe chakula kidogo kidogo, si chipsi na soda.

Sasa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, maana hapo ndipo familia nyingi hukwama. Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, hata anayenyonya. Kadi ya gari iwe halisi; kama jina si lenu, mbebe barua ya mwenye gari. Bima ya ndani haivuki mpaka, kwa hiyo kateni ile ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, iitwayo kadi ya njano, kwa kampuni yenu kabla hamjaondoka. Vijana watakaowazunguka pale wakidai kuwarahisishia, washukuruni tu mpite. Uhamiaji wa nchi zote mbili wako jengo moja.